Pampu ya Tatu

Mtu akivunja chungu mara moja, watu husema mkono umeteleza. Akivunja cha pili, husema ana haraka. Cha tatu kikivunjika, majirani huanza kumtazama usoni. Ndivyo ilivyompata Dastani, dereva wa gari la misheni lililobeba wagonjwa kutoka Newala kwenda hospitali kule Masasi. Tangu Agosti hadi Oktoba ya mwaka ule wa 1954, pampu tatu za maji zilikuwa zimevuja katika injini ile ile, kwa dereva yule yule, na kila mara siku ya Jumatatu gari likitoka Newala.

Ya tatu ndiyo iliyomtia ndani. Ilikufa mgonjwa akiwa garini, mama mmoja aitwaye Getrude, aliyekuwa na uchungu tangu jana yake. Wanaume walimbeba kwa machela wakateremka naye mlima, na kwa rehema za Mungu akajifungua salama mtoto wa kike. Lakini Mwalimu Walter, mkuu wa shule na katibu wa baraza la kanisa pale Newala, hakungoja hata kushukuru. Aliandika barua bomani kwamba dereva anaharibu gari kwa makusudi. Dastani akawekwa mahabusu. Kesi ingesikilizwa Ijumaa mbele ya Bwana DC, na Jumapili yake ndipo lingesomwa kanisani tangazo la tatu la ndoa yake na Josephina. Tangazo la tatu lisiposomwa, hakuna harusi. Na mfungwa haoi.

Koplo Cuthbert Chitanda wa polisi Masasi alipewa jambo hilo siku ya Jumanne. Kabla hajafunga hata mzigo, alipeleka neno Newala: gari lisisogezwe hata hatua moja, na mtu asilifungue.

Alhamisi asubuhi alilikuta palepale lilipofia, kichwani mwa mteremko, maili moja kutoka kanisani. Lilikuwa gari jeusi la zamani, la kabla ya vita, lenye sanduku la mbao nyuma. Askari wa boma alikuwa amekaa kwenye kivuli chake. Koplo alikuja na fundi mmoja tu, mzee Sijaona, aliyejifunza injini vitani, katika jeshi la Keya huko Bama, kisha akafanya kazi kwenye mashamba ya karanga Nachingwea. Fundi alikuwa amefunga pampu mpya katika gunia, akiipakata kama mtoto mchanga.

Mwalimu Walter naye alikuwa amefika, suruali imenyooka, kitabu cha baraza kwapani.

"Baba Sijaona," Koplo alisema, "kabla hujatia spana, niambie unachokiona."

"Naona gari lililozaliwa kabla ya Vita ya Hitla, na koplo aliyezaliwa juzi."

"Na kwenye pampu?"

Mzee aliinama, akaingiza kichwa chini ya kifuniko cha injini. "Boliti sita. Vumbi jekundu limegandamana na grisi juu ya vichwa vyote sita. Hakuna mkwaruzo. Tangu mtu wa mwisho azikaze, spana haijarudi hapa."

Koplo aliandika: *Pampu haijafunguliwa.*

"Hakuhitaji kuifungua," Mwalimu alisema. "Kifuniko cha rejeta kinafunguka kwa mkono. Ametia mchanga. Mara tatu! Ili akwame Newala kwa yule msichana wake."

"Tutaona, Mwalimu."

Fundi alilegeza mkanda wa feni, akautoa, akaitoa na feni yenyewe. Kisha akapiga magoti upande wa injini palipo na bomba dogo la kumwagia maji, akalifungua. Halikutoka kitu. Akachukua waya, akachokoa. Bomba likakohoa mara mbili, kisha likatema tope zito la rangi ya kutu, likamrukia Koplo mkono wa shati kuanzia kifundo hadi kiwiko.

"Pole, afande," alisema askari, akageuka upande ili acheke vizuri.

Koplo hakujifuta. "Ni mchanga?"

Sijaona alisaga tope lile kati ya vidole viwili, taratibu, amefumba macho. "Mchanga hulalamika ukiusaga. Hiki kimenyamaza. Kinateleza."

"Mafuta, basi," alisema Mwalimu.

"Mafuta hayakai chini ya maji, Mwalimu. Wewe ndiye ungetufundisha hilo."

Boliti sita zikatoka. Fundi aliigonga pampu kwa mpini wa nyundo, ikabanduka pamoja na vipande vya gasketi ya karatasi vilivyooza. Akaielekeza kwenye jua. Chini ya shingo yake palikuwa na kitundu kidogo.

"Hiki ndicho kinywa chake," alimwambia Koplo. "Pampu nzima haitoi hata tone hapa. Ukiona kitundu kinalia, ujue sili ya ndani inayozuia maji imekufa. Sasa tazama shafti."

Koplo alitazama. Chuma kilichopaswa kung'aa kilikuwa kimelika vitobo vitobo, kama jino bovu.

"Chumvi?"

"Sidhani. Hiki ni kitu kikali. Kitu kichachu. Nimeona hivi Bama, jamaa alipokosea akatia tindikali ya betri kwenye rejeta."

Mwalimu Walter alikwenda mlango wa dereva, akainua kiti, akarudi na chupa ya tindikali ya betri, akaiweka juu ya madigadi ya gari. Askari aliacha kucheka.

Koplo aliipokea chupa ile kwa kitambaa. Akaigeuza. Kizibo chake kilikuwa kimefunikwa nta, na juu ya nta palikuwa na muhuri wa duka, mzima, haujapasuka. Maji yake yalifika shingoni.

"Haijafunguliwa tangu iliponunuliwa," alisema. "Asante, Mwalimu, umeniokolea kazi ya kuitafuta." Akaandika. "Baba Sijaona, hii mpya inaweza kufungwa leo?"

"Pampu ninayo. Gasketi sina, waliniahidi Nachingwea, wakanipa ahadi tu. Nipate karatasi ngumu, niichonge kwa nyundo." Macho ya mzee yalitua kwenye jalada la kesi, kahawia, gumu, ambalo Koplo alikuwa akiandikia juu yake. "Kama hiyo."

"Hili ni la serikali. Na ndani yake mna kesi."

"Basi kesi ikifa," alisema Sijaona, "niletee ngozi yake."

*

Dastani alikuwa kijana mrefu mwenye mikono ya kazi. Mahabusu ya boma ilikuwa fupi kwake. Alimpokea Koplo akiwa ameinama, akaamkia.

"Gari hili umeliendesha miaka mingapi?"

"Minne, afande. Mitatu na nusu halikunisumbua hata siku moja."

"Pampu mbili za kwanza zilibadilishwa wapi?"

"Masasi. Nilikuwa nikijikongoja nalo mpaka huko. Linamwaga, najaza maji ya mtoni, linamwaga, najaza."

Koplo alipiga mstari chini ya maneno hayo. Mara zile mbili, chochote kilichokuwamo kilikwisha kusuuzwa na mito njiani. Safari hii tu ndipo gari lilipobaki na siri yake tumboni.

"Na hapa Newala, maji ya rejeta unapata wapi?"

"Kanisani. Nafika Jumamosi, nalala kwa baba mdogo. Jumapili akina mama wananijazia nikiwa ibadani, kwa zamu. Maji ya Newala unayajua, afande, hufuatwa bondeni. Huingii jikoni kwa mtu ukajichotea."

"Kulikuwa na jambo lolote geni? Hata dogo."

Dastani alisita. "Utanicheka."

"Cheko lilikwisha asubuhi. Sema."

"Likichemka, njaa inaniuma. Tangu Agosti. Hata kama nimetoka kula, injini ikitoa moshi wa maji tu, tumbo linaunguruma."

Askari wa mlangoni aliangua kicheko. Koplo aliandika neno kwa neno, akaweka na saa.

"Josephina alikuja lini Newala?"

Uso wa Dastani ulikunjamana. "Julai. Alitoka Chiwata kuja kumuuguza shangazi yake. Afande, huyo hana lake hapa."

*

Julai msichana anakuja, Agosti pampu inavuja. Hesabu hiyo Mwalimu Walter alikwisha kuifanya, na ilikuwa na sura ya ukweli. Koplo alimkuta Josephina pale njia ya bondeni inapotokea juu ya uwanda, akipanda na debe la maji kichwani, shingo imenyooka kama mlingoti, miguu myekundu kwa vumbi hadi magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Koplo Chitanda. Nina maneno nawe. Litue kwanza hilo debe."

"Nikilitua, nani atanitwika? Wewe?" Aliendelea kutembea, na Koplo akalazimika kutembea kando yake. "Uliza tu. Masikio yangu hayajabeba kitu."

"Wanasema Dastani huharibu gari ili abaki karibu nawe."

"Aa! Wanaosema wana akili ya kuku. Jumamosi yuko hapa, Jumapili yuko hapa, kwa ruhusa ya Padre, gari zima. Likiharibika analilinda kule mlimani, au analikokota mpaka Masasi. Mara ya pili nilikaa Jumapili mbili sijamwona. Sasa mtu avunje gari ili asinione? Kama hanitaki si aseme!"

Koplo alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ile hesabu ya Julai ikaanguka chini hapo hapo.

"Na wewe umewahi kutia maji kwenye gari lake?"

Josephina alisimama. Debe halikutikisika. "Maji haya? Nimetoka nyumbani jogoo wa kwanza, baba. Tazama jua lilipo. Nikisikia kuna mwanamke Newala anayamimina haya kwenye gari, nitamfuata nikamtazame uso, maana huyo si mtu, ni malaika."

Koplo alitaka kuandika. Alipokunja mkono ashike kalamu, shati lilikataa. Mkono wa shati uliorukiwa na tope ulikuwa umekauka kwa jua, nao ulisimama mkavu, ukialika kama jani la mgomba. Aliuminya kwa kidole gumba. Kisha, mbele ya msichana, akaminya pindo la kaptura yake ya kazi, ile ambayo mkewe huitia kanji kila Jumamosi ili isimame mbele ya mkaguzi. Kaptura na mkono wa shati vilikuwa na ugumu mmoja.

"Josephina, nusa hapa."

"Baba Koplo!"

"Nusa. Ni kazi ya serikali."

Alisogeza pua bila kuinamisha kichwa, kwa ajili ya debe. Akavuta pumzi mara moja, na hakuhitaji ya pili.

"Mihogo," alisema. "Mihogo michungu iliyolowekwa. Siku ya tatu, au ya nne. Mkeo ameifulia humo nguo hiyo?"

*

Nyumba ya Mwalimu Walter ilikuwa nyuma ya shule, uwanja wake umefagiwa hadi umeng'aa. Jikoni, chini ya kibanda, palikuwa na mitungi miwili iliyofunikwa kwa vifuniko vya mbao, na mbali kidogo vyungu vitatu vikubwa vilivyo wazi, vimejaa mihogo iliyomenywa.

"Shikamoo, Mama Mabel."

"Marahaba, baba. Karibu kiti." Mke wa Mwalimu alikuwa mama mnene, mpole, kiongozi wa akina mama wa kanisa, na zamu zote za maji zilipangwa naye.

Koplo hakuketi. Hakutaja pampu, wala Dastani, wala mihogo.

"Mama, fundi yuko kule mlimani anamalizia kazi. Ameniomba nimchukulie maji ya gari. Kidogo tu."

"Maji ya gari? Hayo hayana shida."

Alichukua ndoo na kipande cha kitambaa safi. Akaipita mitungi miwili yenye vifuniko bila hata kuitazama. Akainama kwenye chungu cha kwanza cha mihogo, akayachota maji ya juu, yale yaliyotulia, akayachuja kwa kitambaa, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemtengea mgeni. Ndoo ikajaa nusu.

Ni wakati huo Mwalimu Walter alipoingia uwanjani. Alimwona Koplo, akaiona ndoo, akamwona mkewe ameinama pale alipoinama.

"Mama Mabel, hayo maji ni ya nini?"

"Ya gari, Mwalimu."

"Hayo?"

"Sasa nitie yapi?" Alijinyoosha, mkono kiunoni. "Si wewe uliyetangaza mbele ya watu wote, Julai, visima vilipopungua? Ulisema maji ya bondeni ni ya kinywa, ya chungu na ya ubatizo, na atakayeyatumia kwa jingine anawaibia watoto. Haya. Gari halina kinywa. Halipiki. Na cheti chake cha ubatizo sijakiona. Nikawaambia wenzangu tulitilie ya mihogo, yale yasiyo na kazi. Chuma kitajuaje? Chuma hakina ulimi."

Koplo alichovya kidole ndooni, akakinusa.

"Hakina ulimi, mama, lakini kina mwili," Koplo alisema kwa upole. "Maji ya mihogo ni machachu. Yamekula shafti na kuua sili, pampu baada ya pampu. Na wanga wake, injini ikipata moto, ulikuwa ukiiva. Tangu Agosti Dastani ameendesha jiko la uji. Ndiyo maana njaa ilimuuma."

Mama Mabel aliiweka ndoo chini. Uso wake ulibadilika kadiri maneno yalivyomwingia. "Kwa hiyo Getrude… na yule kijana kule ndani… ni mimi?"

"Hakuna aliyejua. Wewe ulitii, Dastani aliamini, na fundi wa Masasi hakupewa nafasi ya kuona. Sheria haina kifungu cha jambo hili." Akamgeukia Mwalimu. "Lakini mlalamikaji ni wewe. Barua ni yako. Nikiipeleka taarifa yangu peke yake, Bwana DC atasikiliza kesho. Ukiifuta kwa mkono wako, kijana analala kwao leo."

Mwalimu Walter alikitoa kitabu cha baraza kwapani. Alifungua ukurasa wa Julai, akasoma tangazo lake mwenyewe, mwandiko mzuri, mistari iliyonyooka. Akakifunga.

"Nipe kalamu," alisema.

*

Ijumaa asubuhi watu waliokusanyika kichwani mwa mteremko walikuwa wengi kuliko wanaokwenda ibada ya katikati ya juma. Dastani alikuwa chini ya gari tangu alfajiri. Akina mama walileta kila mmoja kibuyu chake, maji safi, na kwa hayo fundi alisuuza injini mara mbili, mpaka kilichotoka kikawa hakina rangi wala harufu. Wa kwanza kumimina alikuwa Mama Mabel, naye alimsalimu Dastani kwa mikono miwili kama mkwe.

"Gasketi," alisema Sijaona, mkono umenyooshwa, hakumtazama mtu.

Koplo Chitanda alitoa karatasi za ndani ya jalada, akazifunga kwa uzi. Jalada lenyewe akamkabidhi. Mzee alilitandaza juu ya mdomo wa pampu mpya, akagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, tak, tak, tak, na karatasi ikakatika kwa umbo lile lile la chuma. Akatoboa matundu sita, akaipaka grisi pande zote mbili, akaibandika. Boliti zikaingia, akazikaza kwa kupishana, moja huku moja kule, ili pampu ikae sawasawa. Feni ikarudi, mkanda ukarudi.

"Sasa maji ya kujaza," alisema. Vibuyu vyote vilikuwa vitupu.

Hapo ndipo kelele zilipoanza nyuma. Watu walipisha njia. Kutoka bondeni alikuwa akipanda Mwalimu Walter, shati limeshikana na mgongo, mti wa mzega begani, debe mbele na debe nyuma, anahema kama mvukuto. Wanawake waliziba midomo kwa khanga zao. Wengine hawakuziba.

"Mwalimu," Josephina alisema kwa sauti ya adabu, "bondeni ni mbali?"

"Ni mbali, mwanangu," alijibu Mwalimu, naye akacheka kabla yao.

Alimimina kwa mkono wake mwenyewe, hadi rejeta ikajaa. Dastani akaingia garini. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Fundi Sijaona alipiga magoti, akapangusa chini ya shingo ya pampu kwa kidole, akakiangalia kitundu kile. Walingoja. Injini ilipata moto, moshi haukutoka, vumbi chini yake likabaki jekundu na kavu. Kidole cha mzee kilitoka kikavu.

"Kimenyamaza," alisema. "Koplo, kesi yako imeziba vizuri."

Mwalimu Walter alimfuata Dastani dirishani. Alizungumza polepole, na hakujali nani anasikia. "Jumapili nitasoma tangazo la tatu. Akiwapo mwenye kipingamizi, aje kwangu kwanza."

Dastani aliitikia kwa kichwa, macho yamejaa machozi. Kisha akauliza kama njia iko wazi, maana kule kijiji cha pili kulikuwa na mzee mgonjwa wa kifua tangu juzi anangoja gari. Walimsukuma kwa vifijo ingawa gari halikuhitaji kusukumwa.

Jioni ile, akiwa Masasi, Koplo Cuthbert Chitanda alikabidhi karatasi zake zilizofungwa kwa uzi. Karani alizihesabu, akageuza huku na huku, akauliza jalada la serikali liko wapi, maana ni lazima aandike. Koplo alichukua daftari la karani, akatafuta mstari wa kesi ya Newala, akaandika yeye mwenyewe:

*Hakuna mkosaji. Jalada lipo kazini.*